Kabla hujaenda zako

Kazi yangu ni kutembeza wageni Bagamoyo. Mgeni mwenye muda tunaanzia Kaole kwenye magofu, asiye na muda tunakwenda moja kwa moja Misheni, na katikati kuna Ngome Kongwe, Boma la Mjerumani, Caravanserai, yaani kituo cha zamani cha misafara, na soko la samaki, ambako karai la mafuta hupigwa picha nyingi kuliko ngome yote. Kazi hii ina ubaya wake. Maneno ni yaleyale kila siku, mpaka unajikuta unayasema huku kichwani unapiga hesabu ya unga. Lakini ina uzuri wake pia: hadithi ukishaisimulia mara nyingi mno, yenyewe huanza kukuuliza maswali ambayo hakuna mgeni aliyewahi kukuuliza.

Pale Misheni, mbele ya mnara wa kanisa la zamani la Mapadre wa Roho Mtakatifu, karibu kila mgeni husimama kwa sababu moja. Ameshaambiwa kwamba Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti, ulilazwa humo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na baadaye Uingereza. Anatazama juu, anasoma kibao, anapiga picha, anauliza choo kiko wapi. Wachache sana huuliza maiti ya mtu aliyefia Zambia ya leo ilifikaje pwani, wakati hakuna reli, hakuna barafu, hakuna hata barabara.

Siku hizi mimi naanzia hapo hapo.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu. Aliokuwa nao ni msafara wa watu wapatao 60, wanaume na wanawake. Majina mawili ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu, Susi na Chuma. Abdullah Susi alitokea Shupanga, kando ya mto Zambezi, na alianza kama kibarua tu. James Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto, na Livingstone alikuwa miongoni mwa waliomkomboa. Mimi humwongeza wa tatu, Jacob Wainwright, naye mtoto aliyeokolewa utumwani, akapelekwa kusoma Nasik kule India kwenye shule ya Waafrika waliokombolewa. Huyu ndiye aliyesoma sala siku ile, na ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye gome la mti.

Sasa jiweke mahali pao. Bwana amekufa. Mshahara wenu uko Unguja, na aliyekuwa na neno la kuwalipa ndiyo huyo amelala. Njia ina vita na njaa. Kupita na maiti katika nchi za watu ni nuksi, na nuksi hulipiwa faini, au hulipiwa kwa mikuki. Mtu mwenye akili zake timamu angechimba kaburi, akafunga mizigo, akarudi kwao. Hakuna ambaye angemlaumu.

Kwanza waliogopa kumwambia Chitambo, chifu wa kijiji hicho. Wakaona bora wamfiche, wasije wakatozwa. Lakini mzee alikwishajua, na alichowajibu ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii: aliwauliza kwa nini hawakumwambia ukweli, akawatoa hofu, akasema yeye naye ni msafiri, amewahi kufika pwani zaidi ya mara moja. Kisha akaitisha ngoma za maombolezo. Yaani yule chifu wa bara, mamia ya kilomita kutoka baharini, aliwaelewa kwa sababu naye aliwahi kuwa mgeni huku kwetu. Huwa najiuliza ni nani wa pwani aliyemkaribisha. Pengine alipewa maji tu na mahali pa kutua mzigo. Aliyempa hakuandikwa popote, na wala hakujua kwamba ukarimu wake ungekuja kuwafaa watu 60 waliokwama mbali na kwao.

Walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakauvisha kitambaa, wakaukunja miguu ili ufupike, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakautundika kwenye mti wa kubebea. Wakaondoka. Zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa.

Walipofika Unyanyembe, huko Tabora, wakamkuta afisa wa Kiingereza, Lovett Cameron, aliyekuja na msafara wa kumtafuta huyo huyo Livingstone. Akawashauri wamzike hapo, yaishe. Wakakataa. Hebu mfikirie mpagazi anamwambia afisa wa Kiingereza wa mwaka 1873 kwamba hapana, tumeamua vingine.

Mbele kidogo, Kasekera, watu wakazuia njia. Maiti haipiti. Hapo ndipo ilipofanyika ile hila ambayo mimi, nikiwa na wanafunzi, huwa nasimama kwanza na kuwauliza: ninyi mngefanyaje? Mmoja atasema wapigane. Mwingine atasema wahonge. Hawa walitangaza kwamba wamekubali, maiti inarudishwa Unyanyembe ikazikwe. Wakachukua mabua, wakayakata kwa urefu wa mtu, wakayafunga nguo kama maiti inavyofungwa. Watu sita wakayabeba kwa huzuni zote wakarudi nayo njia waliyojia. Walipofika porini wakalifungua furushi, wakatupa mabua moja moja huku na huko ili asije mtu akayakuta yamerundikana, kisha wakarejea usiku kwa wenzao. Na maiti yenyewe? Ilikuwa imefungwa upya kama robota la nguo, imekaa katikati ya mizigo mingine, na hakuna aliyeitilia shaka. Msafara ukaendelea na safari.

Watoto hucheka sana hapo. Nami huwaacha wacheke, maana ndivyo ninavyotaka wauone wema: una akili, una ujanja, unajua kufunga mzigo. Tumezoea kuusifu wema kama ulaini wa moyo, kana kwamba mwema ni yule anayelia haraka. Wale wangelia tu, Livingstone angezikwa njiani, na madaftari yake aliyoyaandika mpaka siku za mwisho yangeozea huko huko.

Mwisho wake sio mzuri, na siufichi. Walipofika Bagamoyo mzigo ulichukuliwa na Waingereza, wapagazi wakalipwa ujira wao wakaambiwa asante, kwaherini. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza, kwa kuwa wamisionari walimlipia nauli. Livingstone akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwishapita, wakasaidia kueleza yaliyomo kwenye yale madaftari ili yachapwe. Medali za kuwashukuru wapagazi zilitengenezwa kweli, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikwishatawanyika.

*

Tuna msemo ambao kila mtu huku ameukuta: tenda wema nenda zako. Bibi yangu aliutumia karibu kila siku, hasa akikopesha sukari. Nauheshimu, maana unamkanya mtu asisubiri shukrani, na pwani ina watu wengi wanaosubiri shukrani. Lakini kadiri ninavyowasimulia hawa watu wa zamani, ndivyo ninavyoona sehemu ya pili ya msemo ina shida. Kwenda zako ni sawa. Swali ni umeacha nini kimefungwa na kimefungwaje, kabla hujaenda.

Hapo ndipo anapoingia mtu mwingine wa mji huu, ambaye wageni hawamuulizi kabisa: Sewa Haji Paroo.

Alikuwa Mhindi wa Kiismailia, kizazi cha wafanyabiashara waliotoka Kutch, mwenye duka na maghala hapa Bagamoyo. Biashara yake kubwa ilikuwa misafara. Mtu akitaka kwenda bara, Mzungu au Mwarabu, alimwendea Sewa Haji: wapagazi, nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki. Misafara ikirudi na pembe za ndovu, zilipitia kwake tena. Mapema mwaka 1871 alikuja hapa Henry Morton Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta huyo Livingstone akiwa bado hai, na katika kitabu chake amejaza kurasa za malalamiko juu ya kijana mmoja wa Kihindi wa miaka ishirini hivi aliyekabidhiwa kazi ya kumtafutia wapagazi. Kwa maelezo yake, kijana alikuwa mjanja kupindukia, kila siku hesabu inazidi. Wanahistoria wanamtambua kijana huyo kuwa ni Sewa Haji wetu.

Sina haja ya kumtetea. Stanley mwenyewe hakuwa mtu wa kumwamini kwa kila alilosema juu ya watu wengine, lakini mfanyabiashara wa misafara wa karne ile hakutajirika kwa kugawa tende. Kila senti ya Sewa Haji ilipita kwanza juu ya bega la mpagazi. Pembe moja ya ndovu mkubwa ni mzigo wa kumtosha mtu mzima, naye huibeba miezi, na wengine hawakuwahi kuiona bahari waliyokuwa wanaifuata.

Mtu huyo huyo, miaka ya 1890, alitoa jengo lake la ghorofa hapa Bagamoyo liwe shule. Akalikabidhi kwa serikali ya Wajerumani, na akaweka sharti: wasome humo watoto wa rangi zote pamoja. Dar es Salaam akatoa fedha za hospitali, nako akataka itibu watu wote. Alifariki mwaka 1897, hata miaka 50 hajaifikisha. Hospitali ile ilibeba jina lake kwa miaka mingi mpaka huduma zilipohamia Muhimbili, na hadi leo ukimsikia mtu wa Dar anasema mgonjwa wake amelazwa Sewahaji, jengo la wodi pale Muhimbili, ni yeye. Wengi wanaolitaja jina hilo wakiwa na chupa ya uji mkononi wanadhani ni jina la mahali tu.

Mimi jengo halinishangazi sana. Matajiri kutoa majengo ni jambo la kawaida, tena wengine hutoa ili majina yao yaandikwe juu ya mlango. Kinachonishangaza ni lile sharti. Lifikirie katika mwaka wake. Miaka michache tu nyuma Wajerumani walikuwa wameuzima upinzani wa Abushiri kwa mizinga, na mwenyewe wakamnyonga Pangani Desemba 1889. Serikali yenyewe iliwapanga watu kwa rangi zao, nani akae wapi, nani ashtakiwe kwa sheria ipi. Na hata walipoondoka Wajerumani wakaja Waingereza, shule ziliendelea kutengwa, za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, mpaka uhuru ulipoingia ndipo utaratibu huo ukafutwa. Katikati ya hayo yote mfanyabiashara mmoja, ambaye mikono yake haikuwa safi, alikaa akaona kichwani mwake darasa ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona hapa: mtoto wa Kizaramo na mtoto wa Kihindi, benchi moja. Halafu hakuishia kuliona. Aliliweka ndani ya makabidhiano, mahali ambapo mtawala asingeweza kusema hakusikia.

Kama sharti lile liliheshimiwa kila siku ya kila mwaka ni habari nyingine, na watawala wana njia zao. Lakini liliwekwa, na yeyote aliyetaka kulivunja alijua kwamba analivunja.

Nimekaa kwenye semina nyingi za vijana. Anakuja mhamasishaji na koti lake, anatuambia kesho yako iko mikononi mwako, ota ndoto kubwa, badili fikra zako. Tunapiga makofi, tunapewa soda, tunaondoka. Sijawahi kumsikia hata mmoja akifundisha namna ya kuweka sharti. Namna ya kuandika karatasi ambayo itamlinda mtoto usiyemjua dhidi ya ofisa usiyemjua. Au namna ya kufunga furushi la mabua. Ndoto huku kwetu hazijawahi kuadimika, nenda kijiweni jioni yoyote uzisikilize. Ufundi ndio unaoadimika.

Na kabla hamjanirushia mawe kwa upande wa pili: hapana, wema wa mtu mmoja mmoja haujazi pengo la bajeti. Shule haiwezi kuendeshwa kwa kungoja Sewa Haji mwingine afe. Tukishazoea kumsifu mwalimu anayenunua chaki kwa mshahara wake, tunaacha kuuliza chaki za serikali zimekwenda wapi. Ninalosema ni dogo zaidi ya hilo, nadhani na gumu zaidi. Hata hizo taratibu tunazodai serikali izifuate, kuna mtu mmoja aliyeziwaza mwanzo, akiwa peke yake, na pengine wenzake wakimcheka.

*

Mwalimu wangu katika haya yote hayuko kwenye makumbusho. Yuko Mlingotini, kusini kidogo ya mji, na kazi yake ni mwani.

Ukitaka kumkuta lazima ujue maji. Wakati wa bamvua bahari inakupwa mbali sana, ghuba yote inabaki mchanga na vidimbwi, na akina mama wanashuka na kamba, vigingi na magunia. Maji mafu yakiingia, hakuna kazi ya maana. Mara ya kwanza niliwapeleka wageni wawili waliotaka kuona kilimo cha baharini, nikamwamkia yule mama shikamoo. Akaniitikia marahaba, akanitazama miguuni.

"Umekuja pekupeku, baba? Haya. Taa akikuchoma usinililie mimi."

Umri wake ni wa bibi yangu, ila mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Alikuwa amekaa kwenye maji yanayomfika kiunoni, kamba imewambwa mbele yake kutoka kigingi hadi kigingi, na mkononi ana fungu la taitai, zile kamba nyembamba za kufungia. Anachukua tawi la mwani, analivunja kipande cha kujaa kiganja, anakizungushia taitai, anavuta, fundo limekaa. Shubiri moja mbele, kingine. Fundo likibana sana linakata tawi, likilegea wimbi linaondoka nalo. Alinipa nijaribu, na vipande vyangu akavipitia vyote kimya kimya akivifunga upya, huku akiendelea kuzungumza na wageni kwa ishara.

Mwani huo baada ya wiki sita hivi huvunwa, ukaanikwa, kilo saba au nane mbichi zikabaki moja kavu. Hupelekwa nje kutolewa ute unaotumika kugandisha vitu, dawa za meno na aiskrimu zimo. Bei anaipanga mnunuzi. Na siku hizi bahari inachemka: joto likizidi, mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika, na mtu anaweza kushuka bamvua moja akakuta kamba tupu zimebaki zinaning'inia. Ule wa bei nzuri, unaoitwa kotonii, ndio unaokufa haraka zaidi. Hapo mama wa watu hana mavuno, na lililo baya zaidi, hana mbegu, kwa kuwa mbegu ya mwani ni mwani wenyewe.

Yeye alikuwa na utaratibu wake. Sehemu ya shamba lake, ile iliyo karibu na mkondo ambako maji hayatulii yakachemka, haiuzi. Ni ya mbegu. Aliyepotewa anakuja, anapewa kamba kumi. Nikadhani ni mkopo, nikamuuliza wanarudisha baada ya muda gani.

"Hawanirudishii mimi. Akivuna, kamba kumi anaziweka, anampa mwenzake atakayepotewa. Mimi ninazo."

Nikamwuliza kwa nini asirudishiwe zilizo zake.

"Zikirudi kwangu, si safari imeishia hapo?"

Nikasema, na asiyetoa je? Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema pwani yenyewe hii ndogo, asiyetoa atajulikana kabla hajakausha nguo.

Hakuna karatasi hapo, hakuna mkutano, hakuna mradi wala bango lenye nembo. Hata hivyo ni sharti, tena limefikiriwa vizuri kuliko mikopo mingi ya vikundi niliyoiona ikifa. Alikwishaona kwamba deni la kumrudishia mtu mmoja linageuka unyonge, ukikutana naye njiani unainamisha macho. Deni la kumpa anayefuata linakufanya uwatazame majirani zako vizuri: nani shamba lake linaonekana jeupe? Nani hajashuka bamvua hili? Akaniambia wengine waliopewa mbegu miaka ya nyuma yeye hata hawajui, walipewa na aliyepewa na aliyepewa.

Nao pia, kama wenzao wa Zanzibar, wamejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, maana kilo ya unga wa mwani ndani ya sabuni ina thamani nyingine kabisa na kilo inayopakiwa kwenye gunia. Kazi hiyo imesukumwa sana na wanasayansi wetu, Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwa mbele, mtu aliyeutumikia mwani na wakulima wake kwa miaka mingi. Ukimsikia anavyouzungumzia mwani utadhani anamsifu mtoto wake. Mapenzi ya namna hiyo kwa kitu ambacho wengine wanakikanyaga ufukweni bila kukitazama, nayo ni namna ya kuona mbele.

Hapa mjini mapenzi ya namna hiyo tumeyaona pia kwa marehemu Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, akaletwa pwani na kazi ya ngoma za taifa, na Chuo cha Sanaa kilipoanza hapa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ndicho Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, akawa miongoni mwa walimu wake. Alipiga ilimba, zeze na filimbi, akaimba kwa sauti ambazo ungeapa ni watu watatu. Wapo walioona hizo ni ngoma za kuchezea viongozi uwanja wa ndege. Yeye aliwajaza nyumbani kwake watoto, wapwa na wajukuu, akawafundisha. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu wakiwa mbele wenyewe kama waimbaji na wapigaji, ilhali katika mila walizokulia kuongoza wimbo na kushika zeze kulikuwa ni kwa wanaume. Sidhani kama mzee aliwapangia hilo. Ila aliwaacha wakae karibu na zeze, na mtoto aliyekaa karibu na zeze utotoni huwezi kumwambia ukubwani kwamba si lake.

*

Sasa kuna jambo letu sisi watembeza wageni, nalo ndilo lililonifanya niandike haya.

Watoto wengi wa hapa wanapita mbele ya Caravanserai kila siku kwenda shule na hawajawahi kuingia. Kiingilio si kikubwa kwa mtalii, kwa mzazi mwenye watoto wanne ni mboga ya siku mbili. Tukakubaliana, wachache wetu, kwamba kila kundi la wageni kutoka nje tutoe kitu kwenye malipo yetu tukiweke kwenye kopo, na kopo lilipie wanafunzi, mwongozaji awatembeze bure. Lilipoanza lilikuwa jambo la moyo tu: anayejisikia atoe. Kama mnavyojua mambo ya kujisikia, msimu wa mvua ulipoingia na wageni wakapungua, hakuna aliyejisikia.

Nikaleta hoja kwamba tuandike. Tumeandika, ukurasa mmoja wa daftari kubwa, kila mtu ametia sahihi. Kiasi cha kutoa kimewekwa. Kopo halikai kwa mwongozaji yeyote, linakaa kwa mama lishe ambaye wote anatudai hela ya chai, hivyo hakuna wa kumtisha. Na mwanafunzi aliyetembezwa naye ana wajibu: akirudi nyumbani amsimulie mtu mmoja, halafu mwalimu wake awaulize darasani walimsimulia nani na aliambiwa nini. Hicho kifungu nilikiiba Mlingotini, nimekiri mbele ya kikao.

Kimebaki kifungu kimoja ambacho hatujaelewana. Mwenzetu mmoja, mtu mzima, anataka yaandikwe maneno "wanafunzi wa shule za Bagamoyo mjini". Hoja yake ina uzito: kopo ni dogo, tukifungua mlango kwa Kiwangwa na Chalinze, basi na nauli tutadaiwa sisi. Mimi nataka iandikwe "wanafunzi" tu, tusiongeze neno. Hela ikiwa ndogo itachagua yenyewe wangapi waje mwaka huu, lakini karatasi isimkatae mtoto ambaye bado hata hatujamwona. Ananiambia naota. Namwambia aliyeweka sharti la benchi moja wakati wa Mjerumani naye bila shaka aliambiwa hivyo hivyo. Ananijibu kwamba Sewa Haji alikuwa na maghala, sisi tuna kopo.

Kikao kingine ni Jumapili baada ya sala ya alasiri, kwa mama lishe. Kura bado ziko nusu kwa nusu, na yeye mama lishe, ambaye mwanzo tulisema hapigi kura, sasa anadai na yeye ana neno.